Hana Mdomo, Lakini Msikilizeni: Lupita Nyong'o Ndani ya The Wild Robot

Jamani, nendeni na masikio yenu! Najua The Wild Robot ni filamu ya katuni. Najua pia kwamba kila atakayeitazama atatoka akisimulia misitu yake iliyopakwa rangi kwa mkono wa mchoraji, vipepeo wanaotimka kutoka kwenye mti kwa wingi usiohesabika, na bukini wanaofunika anga zima wakihama. Yote ni kweli, na yote yanapendeza mno. Lakini mimi nimetoka kuitazama kwa mara ya kwanza nikiwa na kitu kimoja tu kichwani, nacho kinanizunguka hadi sasa hivi ninapoandika: sauti. Sauti ya roboti asiye na mdomo, asiye na nyusi, asiye na shavu la kukunjamana, ambaye kwa dakika 102 anakufanya umcheke, umwogope, umhurumie, na mwisho umlilie. Sauti hiyo ni ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na sina aibu kusema kwamba hii ndiyo kazi ya sauti iliyonigusa kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye sinema ya roboti.

Kwa ambao habari haijawafikia: filamu hii ya studio ya DreamWorks imeandikwa na kuongozwa na Chris Sanders, kutokana na kitabu cha watoto cha Peter Brown cha mwaka 2016. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto tarehe 8 Septemba 2024, na tarehe 27 mwezi huohuo ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Shehena ya maroboti inapigwa na dhoruba, na sanduku moja linatupwa ufukweni mwa kisiwa kisicho na watu. Ndani yake yumo ROZZUM namba 7134, roboti wa kazi za nyumbani na shambani, aliyeundwa amtumikie mteja. Mteja hayupo. Kuna fisi maji, dubu, mbweha, rakuni na ndege. Roboti, ambaye baadaye tunamwita Roz, anaanza kumtafuta wa kumtumikia, na katika hekaheka hizo anaangukia kiota cha bukini. Linabaki yai moja. Yai linaanguliwa, na kifaranga anamfuata yeye. Basi, kazi imepatikana!

Zaidi ya hapo sitawaharibia utamu. Nataka tuongelee sauti.

Uso usiosema kitu

Mtazameni kwanza Roz alivyoundwa. Kichwa cha duara, macho mawili ya lenzi, na taa zinazobadilika rangi mwilini. Hana kingine. Kwenye katuni nyingi, mchoraji anategemea mdomo na nyusi kutueleza moyo wa mhusika: nyusi zikipanda ni mshangao, midomo ikishuka ni huzuni, na mtazamaji anaelewa hata akizima sauti. Sanders amejinyima njia hizo zote mbili. Ameutoa mdomo kabisa! Roz anapoongea, hakuna kinachochezacheza usoni, na anaponyamaza uso ni uleule.

Ni uamuzi wa kishujaa, na nadhani ulihitaji mtu kama Sanders, ambaye mwenyewe ndiye sauti ya Stitch katika Lilo & Stitch ya mwaka 2002. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya maikrofoni akakipa uhai kiumbe wa ajabu kwa koo lake anajua kwamba koo linatosha. Kwa uamuzi huo amemkabidhi Lupita kila kitu. Kama sauti ikishindwa, filamu nzima inakuwa bati linalotembea msituni.

Haishindwi. Lo, haishindwi hata kidogo!

Uchangamfu wa kiwandani

Sauti ya kwanza ya Roz mnaijua, hata kama hamjaiona filamu. Ni ndugu wa yule dada anayetuambia kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani kwa sasa. Angavu, ya juu kidogo, ya adabu, kila neno limeoshwa na kupigwa pasi. Dada yule anakwambia vilevile ukiwa unapiga simu ya salamu na ukiwa unapiga simu ya msiba, na hakuna anayemlaumu kwa sababu hayupo pale. Roz yupo. Anasimama kwenye mawe, mawimbi yanapiga, wanyama wanakimbia kuokoa roho zao, naye anaendelea kuwauliza kama wanahitaji msaada kwa furaha ileile, kimo kilekile cha sauti, tabasamu lilelile la kusikika ambalo usoni halipo.

Lupita mwenyewe ameeleza katika mahojiano kwamba alianza kuijenga sauti hii kwa kusikiliza sauti za wasaidizi wa kidijitali kama Siri na Alexa, na zile za kusomea maandishi kwenye TikTok, akiusaka ule uchangamfu uliopangwa kiwandani. Na ameupata sawasawa! Sikilizeni anavyoanza sentensi: zote zinaanzia mahali pamoja, hazina pumzi ya kujiandaa, hazina kusita. Sikilizeni anavyozimaliza: mwisho unanyanyuka kidogo, kama mlango ulioachwa wazi ili mteja aingie. Dubu akimrukia, mwisho unanyanyuka. Rakuni wakimnyang'anya vitu vyake, mwisho unanyanyuka.

Hapo ndipo filamu inanishika koo, maana inaonesha hofu inazaliwa wapi. Wanyama wa kisiwa wanamwita zimwi, na sisi tulioketi vitini tunacheka huku tukiwaelewa. Ukubwa wake hautoshi kueleza hofu hiyo, kwa sababu dubu naye ni mkubwa. Kinachotisha ni kwamba mambo yanabadilika lakini sauti haibadiliki. Kiumbe anayeongea na kilio chako kwa sauti ileile anayoongea na kicheko chako hajakusikia, na mnyama yeyote anajua kwamba kitu kikubwa kisichokusikia kinaweza kukukanyaga.

Stanley Kubrick alilijua hilo mwaka 1968. Kompyuta ya HAL 9000 katika 2001: A Space Odyssey ilipewa sauti na Mkanada Douglas Rain, sauti tulivu, laini, isiyopandisha hata pale inapokataa kumfungulia mtu mlango ili afie angani. Vizazi vya watazamaji vimemwogopa HAL kwa sababu ya utulivu ule. Na Ben Burtt alilijua kwa upande wa pili: mwaka 1977 alimtengenezea R2-D2 wa Star Wars milio na miluzi tu, akichanganya mashine na sauti ya kinywa chake, na dunia nzima ikampenda pipa lile lisilosema neno. Kwa nini? Kwa sababu milio ile ilipanda akishtuka, ikashuka akinyong'onyea. R2-D2 hana maneno lakini anaguswa. HAL ana maneno yote na haguswi na lolote. Roz anaanza safari yake karibu na HAL, na raha ya filamu hii ni kumsikia akitembea, hatua kwa hatua, kuelekea upande wa R2-D2.

Anakaa, anasikiliza

Hatua ya kwanza ni ya kimya, na ninaipenda kupita maelezo. Roz akishashindwa kabisa kuelewana na yeyote, anakaa chini msituni na kuwasha hali ya kujifunza. Haongei. Siku zinapita, mvua inamnyeshea, naye anasikiliza. Mwanzoni tunasikia kile anachosikia: milio, mikwaruzo, kelele za ndege na wanyama zisizo na maana kwetu. Kidogo kidogo kelele zinaanza kushika umbo. Neno hapa, neno pale. Halafu ghafla msitu mzima unaongea!

Je, mmeona ujanja uliopo hapo? Mpaka dakika ile, wanyama nao walikuwa kwetu kelele tu. Tulikuwa tunawaona, lakini hatukuwa tunawahesabu kuwa mtu fulani na mtu fulani. Sauti zao zinapoanza kueleweka, papo hapo mbweha ni Fink mwenye ulimi wa mjanja wa mjini, kwa sauti ya Pedro Pascal, na oposamu ni Pinktail, mama aliyechoshwa na watoto wake, kwa sauti ya Catherine O'Hara aliyenivunja mbavu. Miili yao haijabadilika hata unywele mmoja. Tulichobadilishiwa ni masikio. Filamu imetufanyia sisi jaribio lilelile ambalo kisiwa kinamfanyia Roz, na imelifanya bila kutuhubiria.

Na angalieni busara ya Lupita: baada ya kujifunza lugha, Roz anaongea maneno ya wanyama kwa uchangamfu uleule wa kiwandani. Amejua kusema, bado hajajua kuongea na mtu. Wanyama wanamwelewa na wanaendelea kumkimbia.

Sauti inaposhuka

Kisha kifaranga anaanguliwa, na hapa naomba mkae kimya ukumbini kwa sababu mabadiliko ni madogo sana.

Mwanzoni Roz anamchukulia Brightbill, hilo ndilo jina analopewa, kama kazi nyingine ya mteja. Kuna mambo matatu ya kutimiza: ale, ajue kuogelea, na aruke kabla bukini hawajahama kuikimbia baridi. Anayataja kama anayesoma orodha. Lakini mtoto halali kwa wakati, anauliza maswali yasiyo na majibu kwenye programu, anamng'ang'ania mguuni. Na sauti inaanza kulegea. Kwanza pumzi inasikika. Halafu kunatokea kusita kabla ya neno gumu. Halafu ule mwisho wa sentensi uliokuwa ukinyanyuka kila mara unaanza, kwa nadra, kutua chini. Kimo chote kinashuka kutoka kichwani kwenda kifuani. Hakuna onesho ambalo unaweza kulinyooshea kidole ukasema hapa ndipo roboti aligeuka mama. Utagundua tu kwamba umeketi pale na unamsikiliza mama.

Kuna jambo lingine la kufurahisha: mtoto naye anakua na namna ya Roz. Brightbill kijana, kwa sauti ya Kit Connor, amechukua mwendo na usemaji wa mlezi wake, na bukini wenzake wanamcheka kwa hilo. Nani kati yetu hajasikia sauti ya mama yake ikimtoka mdomoni bila kutaka? Sauti inakwenda pande zote mbili hapa. Mama anashuka kuelekea kwa mtoto, mtoto anapanda kuelekea kwa mama, na wanakutana katikati, mahali ambapo si ndege wala mashine.

Siku ya kuhama inapofika, Roz anakimbia na Brightbill anapiga mbawa, muziki wa Kris Bowers unafura mpaka viti vinatetemeka, na maneno yanayosemwa ni machache mno. Uso wa Roz ni uleule wa kiwandani, hauna uwezo wa kulia. Nami nilikuwa nalia. Kila kitu ambacho uso haukuweza kusema nilikuwa nimekwisha kukisikia katika saa iliyotangulia, na sasa masikio yangu yalikuwa yanakisoma kwenye chuma kile kitupu. Hiyo ndiyo kazi ya sauti iliyofika kileleni: ilinifundisha kuona uso mahali ambapo hakuna uso.

Halafu kuna onesho la dhoruba ya baridi kali. Roz anawakusanya wanyama chini ya paa moja, wawindaji na wawindwao, wasije wakafa kwa baridi. Ugomvi unazuka, na Roz, nguvu zikiwa zinamwishia, anawasihi waweke silaha chini. Linganisheni sauti ile na ya ufukweni! Imechoka, imepasuka kidogo, haijaribu kumfurahisha yeyote. Ni walewale waliomwita zimwi, na wanamsikiliza.

Vontra, au utamu unaotisha

Sasa kama mngeniuliza baada ya nusu ya kwanza, ningewaambia somo ni rahisi: mpe roboti sauti ya kibinadamu na watu watampenda. Ndipo anapotokea Vontra, na filamu inalipindua somo hilo juu chini.

Vontra anatoka kiwanda kilekile, ametumwa kumrudisha Roz. Anaigizwa kwa sauti na Stephanie Hsu, na sauti hiyo ni ya mtu kabisa: tamu, nyororo, yenye mizaha, inayobembeleza. Kwa kipimo cha ubinadamu peke yake, Vontra anamshinda Roz wa ufukweni kwa mbali sana. Na nywele zilinisimama! Utamu wake ni wa kukutega. Unasikia kwamba kila neno la kubembeleza limepimwa kabla ya kutolewa, kwamba lolote utakalomwambia litateleza kwenye sauti ile bila kuacha alama.

Hapo ndipo nilipolishika lile ambalo filamu hii inalijua kuliko filamu yoyote ya roboti niliyoiona. Watu wengi tunadhani roboti anaaminika akisikika kama binadamu, au akisikika mpole. Roz na Vontra wanasema vingine: tunamwamini anayebadilishwa na tunayomwambia. Sauti ya Roz ina makovu ya kila aliyekutana naye kisiwani. Ya Vontra haina hata mkwaruzo. Masikio yetu yanatafuta makovu hayo bila sisi kujua.

Utafiti nao unasema

Na hili halikai kwenye sinema tu. Mwaka 1997 Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha jaribio ambalo kompyuta zilitofautiana kwa sauti tu, ya kike au ya kiume. Yenye sauti ya kiume ilipotoa sifa, watu walizipa uzito zaidi. Ikaonekana pia kuwa mwalimu bora wa mambo ya kompyuta, na yenye sauti ya kike ikaonekana mwalimu bora wa mambo ya mapenzi. Ni mashine, na watu wanajua ni mashine! Lakini sauti ikishaingia, tunaipangia nafasi kwenye jamii yetu, pamoja na ubaguzi wetu wote. Ndiyo maana UNESCO mwaka 2019 ilitoa ripoti ikikosoa mtindo wa kuwapa wasaidizi wa kidijitali sauti za wanawake watiifu. Roz wa mwanzo ni mtoto wa mtindo huo, na kila anapoiacha sauti ya utumishi nilitaka kupiga makofi.

Kuna utafiti mwingine unaonifanya niipende filamu hii zaidi. Mwaka 2011 Wade Mitchell na wenzake walionesha kwamba roboti mwenye sauti ya binadamu, au binadamu mwenye sauti ya mashine, huwatia watu wasiwasi kuliko pale sauti na sura zinapolingana. Sasa fikirini: Roz ni chuma chenye sauti ya mwanamke. Alipaswa kututia wasiwasi mpaka mwisho! Kinachomwokoa ni kwamba mwili wake unasafiri pamoja na sauti. Anapoanza ni mweupe, msafi, na sauti yake imepigwa pasi, vinalingana. Kadiri sauti inavyolegea, mwili nao unachubuka, unapata kuvu, mguu unaharibika na biva anamchongea mwingine wa mti. Kila sauti inaposhuka ngazi, mwili umeshashuka nayo. Hakuna wakati hata mmoja ambapo kimoja kinamwacha mwenzake nyuma. Ni ufundi wa hali ya juu, na umefanywa kimyakimya kiasi kwamba mtoto wa miaka sita ataupokea bila kujua amepewa nini.

Na huko nje viwanda vimeshaanza kuchezea nyuzi hizi. Machi 2024 kampuni ya Figure ya Marekani ilitoa video ya roboti wake akimkabidhi mtu tofaa na kueleza kwa nini amefanya hivyo. Katikati ya maelezo alisita, akaguna kidogo kama mtu anayetafuta neno. Mguno ule ulizungumzwa sana! Tofauti yake na kusita kwa Roz ni hii: Roz anasita baada ya kupitia jambo. Mguno wa bure ni wa Vontra.

Kwa nini yeye

Lupita hakuokota uwezo huu njiani. Mkumbukeni katika Us ya mwaka 2019, filamu ya Jordan Peele, ambapo anaigiza wanawake wawili wenye uso mmoja, Adelaide na Red. Uso ni uleule, lakini Red ana sauti iliyokabwa, inayokwaruza, na mmoja ukimsikia unataka kumkumbatia, mwingine unataka kufunga mlango. Huko alikuwa na uso mmoja na sauti mbili. Hapa hana uso kabisa, na sauti ni moja inayosafiri. Naona kama Us ilikuwa mazoezi ya kazi hii.

Na kuna maisha yake. Alizaliwa Mexico, akalelewa Kenya, akasomea uigizaji Yale, na mwaka 2014 akatwaa tuzo ya Oscar kwa 12 Years a Slave. Katika podikasti yake ya Mind Your Own, iliyoanza mwaka huohuo wa The Wild Robot, amesimulia jinsi alivyojilazimisha kuongea kama Mmarekani ili apate kazi, na jinsi baadaye alivyoamua kurudi kwenye lafudhi yake. Wasomaji wangu wa Afrika Mashariki mnajua jambo hili bila kuelezwa. Mtu anafungua mdomo, na kabla hajamaliza sentensi ameshawekwa fungu lake: huyu wa bara, huyu wa pwani, huyu kasoma, huyu katoka nje juzi. Mwigizaji aliyepitia hayo mwilini mwake anajua thamani ya kila nusu toni, na anajua sauti ya mtu anayeongea ili akubalike inavyotofautiana na sauti ya mtu aliyefika nyumbani. Safari ya Roz ni hiyohiyo.

Ambayo hayakuniridhisha

Ninaipenda filamu hii, na kwa kuwa naipenda nitasema. Sehemu ya tatu inakimbia. Maroboti ya kijeshi yanapoingia kisiwani, milipuko inaifunika ile sauti tuliyofundishwa kuisikiliza kwa makini, na kwa dakika kadhaa filamu inafanana na nyingine yoyote ya vita. Baadhi ya wanyama, hasa dubu Thorn wa Mark Hamill, wanastahili muda zaidi ya waliopewa. Na mtazamaji asiye na subira anaweza kuchoshwa na uchangamfu wa Roz wa dakika za mwanzo. Mvumilieni! Bila kimo kile cha juu, kushuka kwa baadaye kusingekuwa na pa kuanzia.

Hukumu

Nendeni mkaione. Itafuteni sehemu yenye spika nzuri. Spika ya simu itawanyang'anya pumzi na visito, na humo ndimo filamu ilimo. Wapelekeni watoto, na msiogope kwamba kuna vifo ndani yake, kwa maana vimeshughulikiwa kwa heshima. Ikiwa mnaye rafiki anayesema katuni ni za watoto, mchukueni huyo kwanza.

Na nina ombi kwa vijana wetu wanaotengeneza mashine za kuongea Kiswahili. Kazi hiyo imeanza. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za watu wa kawaida wakisoma sentensi za Kiswahili, ili mashine zijifunze kutusikia. Siku si nyingi bibi kijijini ataongea na kifaa cha zahanati au cha benki kwa lugha yake. Kishawishi kitakuwa kukipa kifaa hicho sauti tamu, ya studio, isiyotetereka. Kabla hamjachagua, tazameni The Wild Robot kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtengenezeeni bibi kitu kitakachotambua kwamba amesema polepole leo kwa sababu anaumwa, na kumjibu polepole. Akishasikia kwamba amesikiwa, atakiamini hata kikiwa na sauti ya bati.